Kijana wa Mbwa

Kwetu Kisauni, Mombasa, mbwa hatembezwi. Mbwa hujitembeza. Hutoka anapotaka, huenda anakokwenda, hupigwa mawe na watoto wanaotoka madrasa, jioni hurudi kwenye jaa lake, na hakuna mtu wa kumwuliza alikuwa wapi. Kwa hiyo siku nilipomwambia mama kwenye simu kwamba namlipa kijana wa watu shilingi mia tatu kwa siku amtoe mbwa akanyooshe miguu, simu ilikaa kimya hata nikadhani salio limeniishia.

"Mbwa wa nani?" akauliza.

Hapo ndipo nilipotanabahi kwamba habari nimeianzia katikati. Mbwa mwenyewe nilikuwa sijamwambia.

Sikumtafuta. Alikuwa wa mwenzangu wa kazini aliyepata ajira Kanada, akaniomba nikae naye wiki mbili hadi karatasi za safari zikamilike. Karatasi za mbwa, maana zake yeye zilikuwa tayari. Wiki mbili hizo sasa zinaingia mwaka wa tatu. Jina alikuja nalo: Chapo, kwa sababu manyoya yake ni ya rangi ya unga na yana mabaka ya hudhurungi kama chapati iliyosahauliwa kidogo kwenye tawa. Daktari wa mifugo aliponiuliza ni mbwa wa aina gani nikasema sijui, naye akaandika neno moja kwenye kadi ya chanjo: mchanganyiko. Ana kilo ishirini na mbili, sikio moja husimama na jingine hulala, na hapendi pikipiki.

Ukicheza na mbwa, atakufuata msikitini. Methali hiyo mama alinitumia kwa ujumbe wa sauti, mara mbili, ya pili polepole. Nikamjibu kwamba sikucheza naye, nilimhurumia tu.

"Ni hivyo hivyo," akasema.

Ninakaa ghorofa ya saba, Kileleshwa. Wenyeji wa zamani wanaukumbuka mtaa huu ulivyokuwa: nyumba moja ya vigae katikati ya bustani, ua wa michongoma, na getini kibao cha bati kilichoandikwa MBWA KALI. Kimoja cha vibao hivyo bado kipo njiani kwangu, kimepauka, na nyuma yake hakuna mbwa wala nyumba. Kuna shimo la msingi na kreni. Mbwa wa kibao alikuwa na kazi. Alikuwa na ua wa kuzunguka na wajibu wa kubweka. Sisi tuna askari wawili getini, waya wa umeme ukutani na kamera kwenye kila korido. Chapo hana cha kulinda. Katika jengo zima la watu waliokuja Nairobi kutafuta kazi, ni yeye peke yake ambaye hana.

Mimi hutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa moja usiku, barabara ikinihurumia. Miezi ya kwanza nilijaribu kumtembeza mwenyewe. Naamka, naswali alfajiri, namtoa, narudi, najiosha, naoga, natoka mbio. Lakini Nairobi jua halichomozi mpaka karibu saa kumi na mbili na nusu, na askari wa usiku akanionya kwa adabu: "Madam, saa hii vijana wa pikipiki wanazunguka na simu za watu." Mbwa asiyependa pikipiki hapo ni ulinzi au ni msiba, na sikutaka kusubiri nijue ni kipi.

Zilizobaki zilikuwa saa kumi na mbili na nusu za mbwa ndani ya vyumba viwili. Alitafuna ndala zangu, za kushoto tu, jozi nne. Alikwaruza mlango hadi mbao ikaonekana. Kisha akaanza kulia. Sikumsikia hata siku moja, maana alilia nikiwa sipo. Habari nilizipata kwa barua. Jirani wa chini yangu alikuwa na mtoto mchanga, na mtoto na mbwa walikuwa wakipokezana. Sheria ya umiliki wa nyumba za ghorofa ya mwaka 2020 imewapa wenye nyumba chama chao na uwezo wa kujitungia kanuni, na kanuni za jengo letu zina ukurasa mzima wa wanyama: wafungwe kamba kwenye lifti, wasikojolee maua, wasisumbue. Mimi ni mpangaji. Barua ya onyo ilikwenda kwa mwenye nyumba, naye akanitumia picha yake bila kuongeza neno. Afadhali angefoka.

Ndipo nikaanza kutafuta mtu.

Wa kwanza alijitokeza mwenyewe: askari wa zamu ya mchana. Shilingi mia mbili, saa sita mchana, ufunguo namwachia asubuhi. Niliona nimepata dawa karibu na kidonda. Kilio kilipungua kweli, lakini usiku Chapo alikuwa akirukaruka kutoka kochi hadi dirishani kama mtu aliyekunywa kahawa tungu za watu watatu. Sikuelewa. Ilikuwa Aprili, mvua ndefu zimeshika, na udongo wa Kileleshwa ni mwekundu. Ukivuka barabara tu viatu vinarudi vimevaa viatu vingine. Jioni moja nikamshika mguu nikautazama. Mweupe. Kucha zote kumi na nane safi, kama za bibi harusi.

Bibi mmoja wa ghorofa ya pili ndiye aliyenifumbulia. Mbwa hufungwa nyuma ya jenereta, akasema, na askari hurudi zake getini. Nilipanda ngazi nikiwa nimeshapanga maneno ya kumwambia, na nilipofika ghorofa ya tano maneno yalikuwa yameniishia. Yule mtu anasimama pale saa kumi na mbili mfululizo. Akiondoka getini kwa nusu saa, anafukuzwa. Nilikuwa nimenunua kwake kitu ambacho hakuwa nacho, na yeye kwa mshahara wake hakuwa na uwezo wa kusema hapana kwa mia mbili. Nikamwambia nimepata mtu mwingine, kumbe bado.

Kisha ikaja kampuni moja ambayo sitaitaja. Fulana nzuri, fomu nzuri, ripoti kwa simu kila siku, na kila siku mtu mpya. Chapo alikuwa akinusa mgeni Jumatatu, mgeni Jumanne. Wiki ya tatu akajificha chini ya kitanda, na mgeni wa siku hiyo akanipigia kuniuliza mbwa yuko wapi. Tukaachana.

Wa tatu nilimwona mwenyewe kwa macho, Othaya Road, Jumamosi asubuhi. Kijana mwembamba, koti la mvua la kijani, mbwa watatu: mmoja mkubwa wa kipolisi na vidogo viwili vyenye manyoya ya kufagilia. Kilichonisimamisha ni kamba. Zote tatu zilikuwa zimelegea. Mbwa watatu, barabara ina bodaboda, kuna mama anauza mahindi ya kuchoma, na kamba zimelegea kama kamba za kuanikia nguo. Nimewaona watu wazima wakivutwa na kimbwa cha kilo nne hadi wanapoteza kofia. Ukitaka mtu wa kumtembeza mbwa wako, usimwulize amefanya kazi hiyo miaka mingapi. Tazama kamba.

Nilimsimamisha. Hakuniuliza nalipa kiasi gani. Aliniuliza chanjo ya kichaa amedungwa lini.

Nikamwambia nadhani mwaka jana. "Kudhani hapana, madam," akasema. "Nitaona kadi." Akataka kujua kama amewahi kuuma mtu, kama huokota vitu chini akala, kama ana dawa ya kupe, maana homa ya kupe imemwulia mteja mmoja mbwa wake ndani ya siku nne. Nilijiona kama mama aliyempeleka mtoto shule na mwalimu anamkagua mama. Baadaye nilijua kwa nini anaanza na kichaa. Alipokuwa mdogo, kijijini kwao Ukambani, aliumwa paja na mbwa asiyejulikana wa nani. Mjomba wake alimkalisha bombani akaliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kwa saa ya mkononi, mtoto akipiga mayowe, kisha akambeba mgongoni hadi barabarani kutafuta gari la kwenda kwenye sindano. Sindano zilikuwa za kurudiwa na nauli ilikuwa ya kurudiwa. Mjomba aliuza mbuzi. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, huua karibu kila mara. Ujanja wote uko kabla. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena Kenya kwa kichaa cha kuumwa na mbwa. Kijana analijua lengo hilo kuliko mimi ninayesoma magazeti, na kila mwaka tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, hunitumia ujumbe: kadi, madam.

Habari yake nyingine aliisimulia kidogo kidogo, wiki hadi wiki, akiwa mlangoni. Anakaa Kawangware. Alianza kama mtunza bustani kwenye nyumba moja Lavington. Wenye nyumba wakauza, nyumba ikabomolewa, pakaota ghorofa kumi na mbili, na wao wenyewe wakachukua fleti mbili humo humo. Bustani haikuwapo tena, ila mbwa alikuwapo, yule mkubwa wa kipolisi, na sasa hakuwa na ua wa kuzunguka. Wakampigia simu mtunza bustani. Yaani shamba lilikwenda na mbwa akabaki, ndiyo asili ya kazi yake, na ukimsikiliza utajua kwamba kila ghorofa inayoota kati ya Kilimani na Lavington inamwongezea mteja.

Suala la ufunguo lilinitesa. Mbwa wa ghorofani hawezi kutolewa bila mtu kuingia ndani kwako nawe haupo, na mimi ni mwanamke ninayekaa peke yangu. Nikamwomba cheti cha tabia njema, kile cha makao makuu ya upelelezi, nikiwa tayari kumlipia. Akatia mkono ndani ya shati akatoa mfuko mwangavu. Ndani yake kitambulisho, cheti, nakala ya cheti, barua ya wale wa Lavington, na kadi ya mtu wa kupigiwa akipata ajali. Mimi, mwenye digrii mbili, sijawahi kutembea na karatasi nyingi kiasi hicho. Nilidhani ni bidii ya kazi. Sikuuliza kwa nini anazibeba kifuani wala si mfukoni.

Ufunguo nikampa. Usiku huo nikachukua bangili zangu mbili za dhahabu nikazizika ndani ya ndoo ya mchele.

Masharti ni yake, na nimeyakubali yote. Mia tatu kwa saa moja, siku tano kwa wiki, hulipwa Ijumaa kwa M-Pesa. Nikighairi baada ya saa mbili usiku, nalipa. Mvua ikinyesha anakuja. Ngurumo zikiwapo haji, kwa kuwa mbwa akishtuka akakatika kamba, anayekimbizana naye barabarani ni yeye. Hawachukui zaidi ya watatu kwa mara moja, hata mteja akiongeza dau.

Kuna jambo la kinyesi, na sitalipita kwa aibu. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, faini hadi milioni nne au kifungo. Nchi nyingine wenye mbwa hutembea na vifuko vya plastiki mfukoni. Sisi ilibidi tufikiri. Gazeti huvuja. Karatasi ya mkate haitoshi mbwa wa kilo ishirini na mbili. Kijana alinionyesha dawa: pakiti ya unga wa ugali, ile ya kilo mbili, karatasi ngumu, unaivaa mkononi kama glavu, unaokota, unaigeuza, unaikunja mdomo. Haivuji. Tatizo, mimi ni mtu wa Pwani, nyumbani kwangu ni wali. Nikaanza kununua unga kwa ajili ya pakiti. Ugali ukawa mwingi, tukampikia Chapo kwa dagaa, naye akaupenda. Kwa hiyo unga huingia nyumbani ndani ya pakiti, na kwa njia zake hutoka ndani ya pakiti ile ile.

Hesabu za fedha zilifanywa na mtu ambaye sikumtarajia. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida hapa Nairobi kilipangwa kuwa shilingi 15,201 na senti 65 kwa mwezi. Mbwa mmoja wa mia tatu, siku tano kwa wiki, ni kama elfu sita kwa mwezi. Askari wetu alihesabu mbwa sita wanaopita mbele ya geti lake na kijana mmoja, akapata jibu, na jibu halikumpendeza. Kuanzia hapo kijana akawa anasainishwa kitabu upya kila siku. Kitambulisho kinaangaliwa mbele na nyuma. Kalamu inatafutwa. Mbwa wawili wa watu wengine wanangoja juani nje ya geti huku kalamu ikitafutwa.

Mimi nilitaka kwenda kwa keateka, msimamizi wa jengo, kulalamika. Kijana akanikataza. Wiki moja baadaye akaniuliza kama ningekubali Jumapili Chapo atoke na mtu mwingine. Nani? Askari. Jumapili ndiyo siku yake ya mapumziko, na kijana alikuwa ameanza kumfundisha kwa yule mbwa mkubwa wa kipolisi, ambaye hawezi kumwaibisha mtu. Nilicheka, kisha nikakubali. Jumapili hiyo miguu ya Chapo ilirudi myekundu hadi magotini, na Jumatatu kalamu ilikuwa mezani.

Jumamosi tunakwenda Karura wote watatu, mwezi ukiruhusu. Kufika ndiyo kazi. Matatu hawamtaki, na madereva wa teksi wakimwona tu safari inafutika kwenye simu kabla sijafungua mlango. Nimepata mmoja anayekubali, mradi nitandike leso kuukuu kiti chote cha nyuma. Msituni sharti mbwa awe kwenye kamba, na Chapo hulalamika, lakini kuna maporomoko, kuna mianzi, kuna kima wa kumtukana kutoka juu. Ni msitu ule ule ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miti kwenye eneo lililokuwa limegawiwa wajenzi. Nilimwambia kijana habari hiyo tukiwa tumekaa kwenye gogo. Akatazama miti, akasema kwamba wangefaulu wale wajenzi, yeye angekuwa na wateja wengi sana hapa. Kisha akaona nimenyamaza, akasema, "Natania, madam."

Mama alikuja Desemba, kwa treni, na halua na maembe ya kutosha ukoo. Nilimpokea Syokimau na njia nzima hakumtaja mbwa. Alipoingia ndani akasimama. Chapo alikuwa amelala kwenye kochi, sikio moja juu.

"Mbwa wa Watu wa Pangoni," mama akasema, "alinyoosha miguu yake kizingitini. Imeandikwa kwenye Kurani. Huyu wako amevuka kizingiti akapanda kochi."

Kwa wasomaji wa bara nieleze kidogo. Sisi Waislamu wengi wa Pwani ni Washafii, na kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito: kitu alichokigusa na unyevu huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mwenzangu wa kazini kutoka Sudan hunicheka, maana kwa madhehebu yake ya Maliki mbwa si najisi. Mimi nina chumba cha kuswalia ambacho Chapo haingii, nguo zangu nimezitenga, na maisha yanakwenda. Lakini mama ni mama. Siku ya kwanza Chapo alilamba sahani iliyoachwa chini, na mama akaomba udongo.

Mtu aniambie nani ana udongo ghorofa ya saba. Nilikuwa na chungu kimoja cha mrehani kibarazani. Mama akachota humo. Kesho yake bakuli, akachota. Siku ya nne mizizi ya mrehani ilikuwa nje, inatazamana na dunia. Kijana alikuja kumchukua Chapo, akaona chungu, akaona mama ameshika kijiko cha udongo juu ya sinki, akauliza kwa heshima ni dawa ya nini. Mama akamweleza yote, tangu Mtume hadi sinki. Kijana ni wa kanisa, alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kamba. Jioni alirudi na kifuko cha gunia kutoka kwa wauza miche wa kando ya barabara, udongo mwekundu, umechekechwa.

"Udongo huu una samadi?" mama akauliza.

Kijana alikuwa hakuuliza. Samadi nayo kwetu ni najisi, haiwezi kutoharisha kitu. Mimi nikasema mama, basi, mtoto wa watu amechoka. Lakini kijana alikuwa ameshageuka. Alirudi usiku umeingia, udongo mwingine, na maelezo: huu ni wa chini, umechimbwa leo, haujatiwa kitu. Mama akaupokea kwa mikono miwili. Akamwambia, "Mwanangu, kwetu kijana akimwona mtu mzima husema shikamoo." Akasema. Tangu siku hiyo hapiti mlangoni bila shikamoo, anaitamka kama mtu anayeonja chakula kipya. Mimi naitwa madam. Mama anapewa shikamoo.

Bangili aliziona siku ya pilau. Alizitoa kwenye mchele, akazipangusa, akazitazama, akanitazama.

"Umezificha mbwa asizione?"

Sikujibu. Akazivaa yeye mwenyewe, kila mara kijana alipokuja, hadi alipoondoka nazo.

Jambo la mwisho lilitokea Novemba iliyofuata, barabara zikiwa zambarau kwa maua ya mjakaranda. Ijumaa nilimtumia fedha, hakujibu asante, jambo ambalo si kawaida yake. Jumamosi hakuja kwa wakati. Simu imezimwa. Nakiri nilichofanya kwanza: nilikwenda kuangalia mchele, nikiwa nimesahau kwamba bangili ziko Mombasa na mama.

Alikuja saa nne asubuhi na nguo za jana. Nilimpa chai. Aliwarudisha mbwa wote Ijumaa jioni, akashuka mikono mitupu kwenda Kawangware, na pale kona ya barabara yetu, ninayoiona kutoka kibarazani, akasimamishwa na watu wa doria. Unatoka wapi, unakwenda wapi, unafanya nini mtaa huu saa hii. Akatoa mfuko wake mwangavu. Wakauchukua, hawakuusoma, wakampandisha gari. Amelala sakafuni na watu kumi na wanane, asubuhi wakaachiwa bila kuulizwa lolote.

"Na wananijua, madam," akasema. "Asubuhi nilipita hapo hapo na Chapo. Mmoja akaniuliza, habari ya mbwa? Nikamwambia mbwa ni mzima."

Alikunywa chai yote. Chapo alikuwa amelaza kichwa juu ya kiatu chake. Nikamwambia nitaandika barua, ya kampuni, yenye muhuri, awe nayo. Akasema asante, barua anazo. Akaniuliza kama nina kamba ya zamani ya mbwa.

Nilikuwa nayo ile ya kwanza, nyekundu, imetafunwa katikati. Ya nini?

"Ya kwenda nayo nyumbani. Nikisimamishwa, namtafuta mbwa wa mdosi amepotea."

Sasa ni miezi mitano. Siku nikiwahi kurudi humwona kutoka kibarazani. Anatoka getini, anaagana na askari, anatoa kamba mfukoni na kuizungusha kwenye kiganja mara mbili, ncha yenye kulabu ikining'inia karibu na goti. Anatembea polepole, anaangalia chini ya michongoma kushoto, kisha kulia. Akikaribia kona hupiga mluzi, na kuita jina. Ghorofa ya saba, Chapo husimamisha sikio moja.